Karamu ya Kunusa

Pale Ginza, mtaa wa matajiri wa Tokyo, mikahawa ilijaa watu na hakuna aliyekula. Siku hizi mstaarabu hushibishwa na kibandiko mkononi. Chakula hunuswa tu, kukitafuna ni aibu. Katika mkahawa mmoja mhudumu akafunua samaki wa kuchoma, wateja wakafumba macho, wakavuta harufu, sahani ikarudi jikoni bila kuguswa.

Bi Mwanakombo akasonya. "Kumbe mmenipandisha ndege nije kunusa kama paka!"

"Mama, polepole," bintiye Shufaa akamsihi. "Watu wanatutazama."

"Na watazame! Ushenzi mtupu, umevikwa hariri."

Akatoa kitumbua mkobani, akammegea Mayumi, mjukuu wake wa miaka sita. Mtoto akakitia kinywani, akatulia, shavu limemtuna, machozi yakimlengalenga.

"Bibi," akanong'ona, "sasa nafanyaje?"