Muhuri wa Bwana Harusi

"Pasipoti inapendeza, shemeji, ila nchi yenyewe serikali yetu bado haijaitambua," alisema Afande Lipili wa mpakani. "Nikigonga muhuri humu, kesho sina kazi. Lete ile ya zamani."

"Tulizichoma zote uwanjani, siku ya uhuru," alijibu Chande, kanzu yake ya harusi imeanza kuloa jasho. "Tena kwa shangwe."

"Hongereni."

Ng'ambo ya kizuizi, vigelegele vya kina bibi harusi vilishaanza kuchoka. Lipili alivisikiliza, akaguna, kisha akamgonga Chande muhuri kwenye kiganja cha kulia.

"Wino haujakauka. Ukifutika tu, huko mbele watakukamata."

Chande akavuka, kiganja amekiinua juu. Wajomba wa bibi harusi walikuwa wamejipanga kumpokea, kila mmoja amenyoosha mkono.