Kikao cha Ndani ya Ukungu

Mwaka ule mto ulipokauka, bondeni ilibaki chemchemi moja tu. Korongo mwenye majivuno, mwenyekiti wa baraza la wanyama, aliitisha kikao ndani ya ukungu mzito wa asubuhi ili wajumbe wasionekane na raia.

"Chemchemi tuichukue sisi," alisema, macho ameyafumba kama anayeota. "Wengine tuwaambie imekauka."

"Na wakiuliza?" alinong'ona Nguchiro, mjumbe mwoga kuliko wote.

"Wamuulize nani? Kikao ni cha siri."

Hawakuona ukungu ukiinuka polepole, mweupe, laini, ukayeyukia juani.

"Nani anaunga mkono?" aliuliza Korongo.

Akafumbua macho ahesabu mikono. Wanyama wa bonde zima walikuwa wameketi nyasini wakiwazunguka. Walikuja kuomba maji, wakafuata sauti. Mbele alikaa Swala na mwanawe aliyelegea kwa kiu.

"Endelea, mheshimiwa," Swala alisema kwa upole. "Tunasikia."

Nguchiro akanyanyuka akamwendea Swala.

"Mama, mlete mtoto anywe."

Wote wakawafuata hadi kwenye chemchemi. Tangu hapo baraza hukutana juani, na anayepita hukaribishwa akae asikilize.