Honi ya Sabini na Tano

Ijumaa iliyopita honi ya gari la Ami Taimur ilikuwa ya mwaka 1972. Ijumaa hii ilikuwa ya 1975.

Badr alijipangusa jasho, akasogeza tochi, akasoma tena. Mgongoni mwa honi, palepale kiwanda kinapogonga mwezi na mwaka, palisomeka wazi: 8/75. Akatoa simu, akaitafuta picha aliyoipiga wiki iliyopita. 3/72. Lahaula, honi nazo zinabadilisha umri?

Kusoma tarehe hizo ndiyo kazi yake. Chama cha wenye magari ya kale humtuma yeye na mdogo wake, Ghaith, nyumba hadi nyumba hapa Maskati, kuhakikisha kwamba kila kifaa ni kile gari lilichotoka nacho kiwandani. Kanuni ni nyepesi: kifaa cha asili huzaliwa kabla ya gari, kwa mwezi au miwili. Mercedes ya Ami Taimur, ami wa heshima tu, si wa damu, ilizaliwa Mei 1972. Honi ya 1975 ni mgeni, na gari lenye mgeni halipewi cheti. Bila cheti haliingii kwenye maonyesho ya mwezi ujao, na maonyesho hayo mzee anayasubiri tangu alipostaafu wizarani.

"Ami," Badr alisema kwa sauti ya mtu anayepeleka habari za msiba, "honi hii si yake."

"Si yake!" Ami Taimur aliivua kofia akaibwaga juu ya boneti. "Wiki iliyopita umenambia rimu si yake. Nimehangaika weye, mpaka rimu ikapatikana. Leo honi? Wallahi watu wananidhulumu. Unaona, Sleiman?"

Jirani yake Sleiman, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa gereji kama kila Ijumaa, alitikisa kichwa kwa huruma. Yeye naye ana gari kuukuu limelala kwake, na ana binti, Manal, ambaye kila posa ikija huitia kasoro. Matatizo ya watu anayajua.

"Utarudi tena, mwanangu?" Ami Taimur aliuliza kinyonge.

"Ijumaa, inshallah."

Hapo moyo wa Badr ukaanza vituko vyake, maana Wijdan alikuwa anaingia na sinia ya kahawa ya tangawizi na visheti. Wijdan ni binti wa mzee, mfamasia, mpole wa maneno na mkali wa macho. Badr alimpenda tangu siku ya kwanza, tena akampenda vibaya. Lakini ataposaje kwenye nyumba ambayo kila wiki anaitia ila? Akiificha kasoro, kazi yake imekwisha. Akiisema, mkwe atamchukia. Na siku atakayotoa cheti, hatakuwa tena na sababu ya kuugonga mlango ule.

"Kasoro tena?" Wijdan aliuliza akimpa kikombe.

"Honi."

"Pole," alisema, lakini alikuwa anakizuia kicheko. Na Badr alipokipokea kikombe akaona kitu: chini ya kucha za mfamasia yule, grisi nyeusi tititi.

Kahawa ikampalia.

Kutoka kwa mzee, Madinat Sultan Qaboos, mpaka kwao Darsait alicheka peke yake garini, madereva wa pembeni wakimtazama. Kumbe! Msichana anabadilisha vifaa vya baba yake ili mkaguzi arudi. Alifurahi mpaka akaipita njia ya kwao.

Ijumaa iliyofuata honi ilikuwa sawa, ila saa ya dashibodi imekuwa ya 1977. Mzee alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Badr hakusikia hata neno moja.

"Saa si yake, Ami," alisema, karibu aimbe.

Ijumaa ya baada yake hakuja na tochi peke yake. Alikuja na mama yake.

Ami Taimur aliikubali posa kabla mama mtu hajafika katikati ya maneno aliyoyapanga njia nzima. Halua ikaliwa, dua ikasomwa. Kisha Badr, maana kazi ni kazi, akajilaza tena chini ya Mercedes, akakagua kila kitu upya. Rimu sawa. Honi sawa. Saa sawa. Akatia saini cheti juu ya boneti.

Wijdan alikuja kuchukua vikombe. Badr akamnong'oneza, "Sasa sema kweli. Vile vya asili ulikuwa ukivificha wapi?"

"Mimi?" Wijdan alitoa macho. "Mimi nikivikuta stoo, nikivirudisha pahala pake, nnamwonea huruma Baba. Lile gurudumu peke yake limenivunja kucha mbili! Nikajua ni wewe unayevibadilisha, upate kurudi."

"Mimi? Wallahi sijagusa hata skrubu."

Wakatazamana.

Nyuma ya gereji, mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ami Taimur, mikono ya kanzu ameikunja mpaka kwenye viwiko, alikuwa anamtwisha Sleiman boksi zito lililokuwa likigongana vyuma ndani.

"Nishaulizia," alikuwa akimwambia kwa sauti ya chini. "Gari lako atakuja kulikagua Ghaith, na hajaoa. Wewe anza na honi. Rimu zitakuvunja mgongo."