Miaka Minne ya Mwalimu Sadoki

Jumapili tatu mfululizo Mwalimu Mkuu Sadoki Mbonile alipiga magoti kanisani akimwomba Mungu jambo moja tu: daftari la ubatizo la kanisa hilohilo lipotee.

Daftari halikupotea. Lilikuwa mezani kwa Ruti, mwalimu wa historia, binti aliyeripoti shuleni mwaka ule wa 2014 akiwa na kompyuta mpakato mgongoni na mawazo mengi kichwani. Mchungaji alikuwa amemruhusu, na kila siku baada ya vipindi alilipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kisha akayaingiza majina kwenye kompyuta. Siku ya mahafali ya darasa la saba, watu wa milima ile ya Ileje wangekuja kuiona historia yao ukutani.

"Mtu atataja jina tu," alieleza ofisini. "Naliandika hapa, linakuja na baba, mama na mwaka wa kuzaliwa."

"Mwaka pia?"

"Mwaka ndio historia yenyewe, Mwalimu."

Mwaka ndio uliokuwa ukimnyima raha. Mwaka 1978, alipotaka kwenda chuo cha ualimu, Sadoki aliambiwa alete uthibitisho wa umri. Wazazi wake wote walikuwa wameshazikwa, na pale nyumbani hakuna aliyewahi kuhesabu miaka ya mtoto. Akafungua sanduku la marehemu mama yake, akakuta cheti cha ubatizo: Sadoki, 1953. Alishangaa kujikuta mzee kuliko alivyojidhania. Na chuo hakikupokea mtu wa miaka ishirini na mitano. Basi akakitia cheti motoni, akaenda kuapa mbele ya hakimu kwamba alizaliwa 1957, akatoka pale mdogo kwa miaka minne.

Kiapo kile kilimlea vizuri. Kwenye faili la serikali alikuwa na miaka hamsini na saba, bado mitatu astaafu. Kwa hesabu aliyoijua yeye na Mungu wake alikuwa na sitini na mmoja, mtu aliyepaswa kuwa nyumbani tangu mwaka jana akipalilia kahawa.

Alijaribu kwanza njia za kistaarabu.

"Ruti, mwanangu, anzia miaka ya sitini. Hamsini kuna wakoloni tu."

Ruti alicheka, akadhani ni utani.

Akajitolea kumfunulia kurasa wakati akipiga picha. Miwani aliiacha ofisini makusudi, hakutaka kuuona mwaka ule ukimtazama. Alipohisi wamekaribia, alilowesha kidole kwa mate akafunua karatasi mbili kwa pamoja.

"Tumeruka, Mwalimu," alisema Ruti bila kuinua macho. "Hapa naona ukurasa wa thelathini, halafu thelathini na tatu."

"Na majina yakifanana," aliuliza kwa matumaini yaliyobaki, "mashine haichanganyi?"

"Yanafanana mno. Wazee wetu walikuwa na majina machache, wakayarudiarudia. Lakini haichanganyi."

Wiki ile Sadoki aliandika barua ya kustaafu kwa hiari. Mtu aliye kazini akikutwa na kiapo cha uongo hupelekwa mahakamani, alijiambia. Mzee aliyekwisha staafu huchekwa tu, kisha watu huenda zao kulima.

Mkewe, Elizabeti, aliisoma barua mara mbili.

"Baba Ipyana, unaumwa?"

"Hapana."

"Umeiba?"

"Hapana."

"Basi sielewi. Mwaka jana ulikwenda kufundisha na malaria mwilini."

"Nataka kupumzika," alisema, akatoka nje kabla hajaulizwa la tatu.

Barua hiyo ilijibiwa upesi kuliko barua zote alizowahi kuiandikia wilaya. Shule alipewa msaidizi wake, Efraimu, mtu aliyesinzia katika kila kikao na kuamka chai ikiletwa. Siku ya makabidhiano Sadoki alimwonyesha kila kabati na kila ufunguo, kisha akazunguka nyuma ya darasa la saba, akalia peke yake, akanawa uso bombani.

Mahafali yakafika. Projekta ilikodiwa Tunduma kwa jamaa anayepiga video za harusi, na jenereta ikanguruma nje. Afisa elimu wa wilaya alikaa mbele. Sadoki aliagwa kwa hotuba nne, blanketi, redio na jogoo. Wanafunzi waliimba, wazazi wakapiga vigelegele, na yeye akaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha salama.

"Kabla ya majina ya wengine," alisema Ruti, "tumuenzi kwanza mwalimu wetu."

Akaandika: Sadoki Mbonile.

Sadoki alimkumbatia jogoo kifuani. Sasa ni mstaafu, alijikumbusha. Wacheke tu.

Ukutani ikatokea mistari miwili. Ruti mwenyewe alisita kidogo, kisha akausoma wa kwanza kwa sauti.

"Sadoki, mwana wa Yeremia Mbonile na mkewe Agnes. Alizaliwa Mei 1953. Alifariki akiwa na miezi minne."

Efraimu, aliyekaa jirani yake, aliamka kabisa, akamgusa mkono Sadoki ili ahakikishe.

Ruti akashuka mstari wa pili.

"Sadoki, mwana wa Yeremia Mbonile na mkewe Agnes. Amepewa jina la marehemu kaka yake. Alizaliwa tarehe tisa Agosti, 1958."