Kiganja Kimoja, Saa Sita

"Kiganja kimoja tu, Mwasiti! Umesikia? Kimoja!"

Sufiani alikuwa amesimama uani, simu sikioni, koti limefungwa hadi kidevuni, akikifuata kijua cha Julai kila kiliposogea. Mwenyeji wake alikuwa jikoni, na harufu ya samaki anayekaangwa ilikuwa imeanza kumtekenya pua.

Ilikuwa wiki ya tatu tangu aage nyumbani kwake Chapwa, Tunduma, kwamba anapeleka saruji Lubumbashi. Kila siku saa sita alimpigia mkewe. Hakuuliza watoto wameamkaje. Hakuuliza kama kifua cha Mwasiti kimepona. Aliuliza habari za Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa samaki, perege wa miaka mitatu, mnene, mwenye chongo. Jicho la kushoto lilidonolewa na ndege, na mkia wake ulikuwa na pengo. Aliishi katika bwawa nyuma ya nyumba, ambalo Sufiani alilichimba na kulitandika turubai kuukuu la lori. Tuseme ukweli: alimpenda samaki yule kuliko baadhi ya ndugu zake.

Julai ya mwaka jana samaki walikuwa arobaini. Baridi ya Tunduma iliposhika, wakazama chini na kususa chakula. Mwasiti akasema, "Baba Nuria, hawali hawa, waache." Sufiani akamjibu kwamba hajaoa mwalimu, akaendelea kumwaga pumba na dagaa mara tatu kwa siku. Chakula kikaozea chini, maji yakawa rangi ya chai, na asubuhi moja wakaelea thelathini na tisa. Kijiwe kizima cha wabadilisha fedha kikaambiwa kwamba aliyewavimbisha ni Mwasiti. Mwanamke wa watu akazomewa hadi sokoni.

Sasa Sufiani alikuwa mtaalamu. Alikuwa ametazama video nne kwenye simu, na ameapa pale kijiweni kwamba safari hii Mkurugenzi atavuka Julai akiwa hai, ama yeye asiitwe tena Sufiani.

"Kwenye baridi, tumbo la samaki linalala," alisomesha. "Unamlisha mara moja, saa sita, jua likiwaka. Kiganja kimoja. Ukizidisha, chakula kinaozea chini, kinaua."

"Nimeshika, Baba Nuria. Mara moja, saa sita, kiganja kimoja," Mwasiti alirudia kama mtoto wa madrasa. "Ila leo ukungu ulichelewa. Umeondoka saa nne."

"Saa nne wapi! Saa tano na nusu ulikuwa bado upo."

"Umejuaje?"

Sufiani akakohoa. "Mtaalamu hukadiria. Niambie, maji yana rangi gani?"

"Kijani. Na mtandao wa Kongo siku hizi mzuri jamani. Nakusikia kama uko dirishani."

"Wamejenga minara."

"Mashaallah."

Sufiani akakimbilia kwenye hoja yake. Usiku uliopita hata maji ya ndoo yalikuwa yanauma vidole, na moyo wake haukuwa na raha. "Mkurugenzi amekula leo?"

"Hajala. Nimemtoa bwawani."

"Umemfanya nini?"

"Nimemwonea huruma, mume wangu. Maji yale yalikuwa barafu. Nimempeleka mahali pa joto."

Sufiani alifungua mdomo agombe, kisha akakumbuka kwamba video ya tatu iliruhusu kumhamishia samaki maji ya uvuguvugu. Akafurahi hadi machozi yakamlengalenga. Kumbe mke akifundishwa hufundishika!

"Unaona sasa? Ukinisikiliza, unakuwa na akili."

"Yote ni mafunzo yako." Sauti ya Mwasiti ilikuwa laini kupita kawaida yake. "Huko leo mnakula nini?"

"Samaki, naona."

"Haya. Kula polepole, ana miiba."

Sufiani akakata simu, akaingia ndani akitabasamu. Alijiona mwanamume aliyekamilika: biashara inakwenda, mke ametulia, Mkurugenzi yuko kwenye joto. Akanawa, akaketi mkekani. Mwenyeji wake, Ketrina, akaleta sima ya moto, akajikunja ubavuni kwake na kuwafunika wote wawili magoti kwa kitenge kimoja.

"Kuleni, mukwai," alisema kwa heshima za kwao, akifunua sinia.

Samaki alilijaza sinia lote. Alikuwa amekaangwa vizuri, akamwagiwa nyanya na vitunguu, amelazwa ubavu wa kushoto ukiangalia juu. Pale penye jicho hapakuwa na jicho. Kwenye mkia kulikuwa na pengo.

"Huyu," Sufiani alisema, akilinyooshea kidole pengo la mkia. "Huyu umempata wapi?"

"Hapa Nakonde nitampata wapi wa ukubwa huu?" Ketrina alicheka. "Kaletwa asubuhi, mzima, anarukaruka. Kuna mama kavuka mpaka wa Zambia na bodaboda kutoka kwenu Chapwa, ndoo mapajani. Kasema yeye ni dada yako. Hela kakataa kabisa."

Akamega tonge, akalichovya mchuzini, akampelekea mdomoni.

"Ila kaniachia maagizo, tena kanitaka niyarudie mara mbili: nikulishe mara moja tu, saa sita, jua likiwaka, kiganja kimoja. Kasema kwenye baridi hii ukizidishiwa, unaozea huku huku."