Sili ya Tatu

Tone la oili liliangukia katoni iliyotandikwa chini ya gari, likafuatwa na jingine, na Fundi akasonya kwa nguvu hadi binti yake akamsikia kutoka jikoni.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu. Gari lile lile la binti, linavuja pale pale, kwenye ukingo wa kifuniko cha juu cha injini. Jumamosi ya kwanza aliweka sili mpya ya mpira, rahisi kuliko mkate, akatamba kwamba gereji wangemlia binti pesa bure. Ya pili, gari likarudi linavuja. Akamwita muuza spea tapeli, akanunua sili duka jingine. Na leo tena. Jamani, miaka arobaini ya kufungua injini, leo ashindwe na kimpira!

Alishika nati ya kwanza ya kifuniko. Ikazunguka kwa vidole tu. Ya pili, hivyo hivyo. Sili yenyewe ilikuwa nzima, haina hata mkunjo.

Fundi alikaa kwenye kigoda akaitazama mikono yake. Nati hizi alizikaza mwenyewe. Kumbe wa kulaumiwa hakuwa muuza spea.

Iliuma, tena iliuma sana. Tangu mkewe afariki na gereji yake kufungwa, alikuwa akishinda kitandani, uso ukutani, chakula hakipiti. Gari hili ndilo lililomtoa ndani. Siku hizi alikula, hata ndevu alinyoa. Lakini Jumamosi iliyopita, kwa hasira, alimwapia jirani yake mchomelea vyuma kwamba likivuja tena, ufundi basi. Na Fundi hakuwa mtu wa kuvunja kiapo chake.

Akabadilisha sili hata hivyo. Akakaza nati moja moja, meno ameyauma, mishipa ya shingo imemsimama. Kisha akamwita jirani, akamkabidhi sanduku lote la spana.

Binti alitoka na chai, akamkuta jirani anavuka geti na mzigo.

“Baba, sanduku linakwenda wapi?”

“Kwa mwenye mikono, mama. Yangu haikazi tena. Wiki ijayo peleka gari gereji.”

Binti akaweka kikombe chini. Akamsihi alifuate sanduku. Mzee akamwambia asimchoshe, akaingia chumbani, akalala na viatu vyake, uso ukutani.

Binti aliondoka na gari, chai ikiwa haijaguswa. Njiani alisimama kando ya ukuta wa shule, mahali alipozoea kusimama kila Jumamosi kabla ya kufika kwa baba yake. Akafungua boneti, akatoa spana mkobani, akashika nati ya kwanza ya kifuniko kuilegeza, kama kawaida, ili gari limtoe tena baba ndani. Ikagoma. Akajaribu ya pili, akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote, machozi yanamtoka. Hata moja haikusogea.