Rangi Itafunika

Nilitia kidole kwenye tundu, kikachomwa. Nyuzi za kaboni zilikuwa zimechanika ndani.

“Nani katoboa bamba hili la bawa?”

“Mimi,” alijibu shemeji, msimamizi wetu. “Ndege inasubiriwa.”

Alikuwa ameisukuma drili moja kwa moja, bila kuichomoa ili itoe chembe za alumini iliyo chini ya kaboni. Chembe zikapanda juu, zikaitafuna kaboni.

“Tutaziba kwa gundi. Rangi itafunika. Funika kombe mwanaharamu apite.”

“Na abiria, nao wanaharamu?”

“Usinipande kichwani! Nani alikuingiza kazini humu?”

Nilifunga kwenye drili keekee nene kuliko zote, nikalitoboa bamba katikati, tundu la kupita dole gumba.

“Haya, shemeji. Lete rangi yako.”